Siku Kumi Wodini, Siku Sitini Mtaani

Barua ya makadirio ya gharama ambayo hospitali kubwa za India humtumia mgonjwa wa kigeni huwa na mistari miwili ambayo familia nyingi huipita haraka, macho yakitafuta jumla ya dola chini ya ukurasa. Mstari mmoja unataja siku za kulazwa, mwingine siku za kukaa nchini. Kwa upandikizaji wa figo, wa kwanza unaweza kusema siku 10 na wa pili siku 60, pengine 90. Bei iliyoandikwa inahusu zaidi mstari wa kwanza: chumba cha upasuaji, madaktari, dawa za wodini, chakula cha mgonjwa. Siku zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hazimo. Mgonjwa amesharuhusiwa kutoka wodini lakini hajaruhusiwa kupanda ndege. Kila baada ya siku chache anatakiwa kliniki kupimwa damu, na kitanda chake hospitalini kimeshapewa mtu mwingine. Atalala wapi? Namna swali hilo linavyojibiwa ndiyo inayotikisa soko la nyumba za kupanga katika miji inayopokea wagonjwa. Wengi hudhani kwamba utalii tiba hupandisha kodi kwa sababu wageni ni wengi na wana fedha. Ushahidi unaelekea kwingine. Kinachopandisha kodi ni urefu wa siku za kupona ambazo hospitali inazisukumia mtaani. Siku hizo zikiwa chache, soko la pango halistuki. Zikiwa nyingi, nyumba za familia zilizo karibu na lango la hospitali huacha kuwa nyumba za familia, na sehemu ya gharama ya kupona kwa mgonjwa hulipwa na mpangaji ambaye hana hata kadi ya hospitali hiyo.

Jiji la Delhi linafaa kuliko mengi kwa kulipima jambo hili. Mwaka 2019 India ilipokea karibu wageni laki saba waliosajiliwa kuwa wamekuja kutibiwa. Zaidi ya nusu yao walitoka Bangladesh, na hao kwa kawaida huelekea Kolkata, Chennai na Vellore. Delhi na mji jirani wa Gurgaon huwapokea kwa wingi Waafghani, Wairaki, Wauzbeki, Wayemeni, Wasudani, na Waafrika kutoka Nigeria hadi Kenya na Tanzania. Hospitali ya Indraprastha Apollo imekuwa Sarita Vihar tangu miaka ya 1990. Max ipo Saket. Fortis Escorts ipo Okhla. Medanta ilifunguliwa Gurgaon mwaka 2009. Kila moja imejipatia mitaa yake. Wanaotibiwa Apollo hujazana Sarita Vihar kwenyewe na Jasola, ng'ambo ya barabara, ambako hata kituo cha metro kimebeba jina la hospitali. Wa Max hukaa Hauz Rani na Malviya Nagar. Lajpat Nagar, mtaa uliojengwa kuwapa makazi wakimbizi wa mgawanyiko wa India wa mwaka 1947, umekuwa kwa miaka mingi makao ya Waafghani, wakimbizi na wagonjwa pamoja, na mbao za maduka ya dawa huko zimeandikwa Kidari kando ya Kihindi na Kiingereza.

Ndani ya idadi hiyo kubwa, aina ya tiba ndiyo inayoamua nani atatafuta chumba. Mtu anayesafiri hadi Istanbul kupandikizwa nywele hukaa siku mbili tatu, hulala hotelini, akaondoka na kilemba chake cha bandeji. Hata wakija maelfu, wanaofurahi ni wenye hoteli na wenye teksi, na mpangaji wa Istanbul hana cha kuwalaumu kwa kodi yake. Mgonjwa wa moyo aliyefanyiwa upasuaji wa kifua hukaa wiki mbili au tatu. Tiba ya mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki kwa wiki 5 hadi 7, kila kikao kikichukua dakika chache, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi halazwi kabisa: anakuja asubuhi, anachomwa, anarudi alikopanga. Upandikizaji wa uboho humweka mgonjwa karibu na hospitali kwa takriban siku 100. Wa figo huja na mtu wa pili, yaani ndugu anayetoa figo, na aghalabu wa tatu wa kuwauguza wote wawili. Kabla ya upasuaji wenyewe wanasubiri kamati ya idhini, kwa kuwa sheria ya India ya mwaka 1994 inataka ithibitike kwamba mtoaji ni ndugu wa kweli na hajanunuliwa. Tupige hesabu. Wagonjwa 100 wa nywele wakikaa siku 3 kila mmoja wanahitaji malazi ya usiku 300. Familia 100 za figo, watu watatu watatu, zikikaa siku 60, zinahitaji vyumba kwa usiku 6,000, hata kama kila familia itabanana katika chumba kimoja. Takwimu za serikali, zinazohesabu vichwa vinavyopita uwanja wa ndege, haziwezi kuionyesha tofauti hiyo.

Wanachohitaji watu hawa hakipatikani hotelini wala kwenye mkataba wa kawaida wa pango. Hoteli hutoza kwa usiku na haina jiko, ilhali mgonjwa aliyepandikizwa kiungo amekatazwa chakula kibichi na maji yasiyochemshwa, na ndugu zake wanataka kumpikia wenyewe. Mkataba wa kawaida nchini India ni wa miezi 11, desturi iliyotokana na sheria ya usajili ya mwaka 1908 inayotaka mikataba inayozidi mwaka mmoja isajiliwe rasmi, na huambatana na amana, fedha ya dalali na karatasi ambazo mgeni mwenye viza ya matibabu hana. Katikati ya viwili hivyo kukazaliwa bidhaa ya tatu: chumba chenye vitanda viwili, kiyoyozi, jokofu dogo na bafu lake, ndani ya fleti ambayo zamani ilikuwa ya familia moja. Jiko ni la wote. Asubuhi mama Mwiraki anachemsha wali kwenye ulimi mmoja wa gesi huku Mtanzania akingoja wa pili asonge ugali wa unga aliotoka nao nyumbani ndani ya begi. Chumba kiko ghorofa ya chini au kwenye jengo lenye lifti, kwa sababu mtu mwenye mshono tumboni hapandi ngazi, na kiko mahali ambapo bajaji hufika hospitalini kwa dakika chache. Mwenye nyumba anayejali sheria hujaza fomu ndani ya saa 24 kuijulisha idara ya uhamiaji kwamba amelaza mgeni. Anatoza kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na bei hushuka kadiri muda unavyorefuka.

Mvuto wa bidhaa hiyo kwa mwenye nyumba unaonekana kwa hesabu ndogo, yenye tarakimu za mfano tu. Chukua fleti ya vyumba vitatu vya kulala ambayo familia ingeilipia rupia 30,000 kwa mwezi. Ikigawanywa, kila chumba kikatozwa rupia 1,200 kwa usiku, fleti nzima inaingiza 3,600 kwa kila usiku iliojaa. Ondoa rupia 15,000 kwa mwezi za umeme, gesi, mfagizi, shuka na cha juu cha dalali. Ili mwenye nyumba apate kile alichokuwa akipata kwa familia, anahitaji fleti ijae usiku 12 na nusu tu kati ya 30. Ikijaa usiku 20, anabaki na 57,000, karibu mara mbili. Katika mtaa ulio mbele ya hospitali inayopandikiza figo, kujaza usiku 20 si kazi ngumu, kwa sababu mgeni mmoja hukaa miezi miwili na akiondoka wakala ana mwingine njiani. Hapo ndipo urefu wa siku unapofanya kazi yake. Mwenye kupangisha kwa watalii wa kawaida hubeba mzigo wa kutafuta mteja mpya kila baada ya siku tatu, kwa hiyo wengi huona afadhali familia yenye mkataba. Mgonjwa wa muda mrefu huleta bei inayokaribia ya mtalii na utulivu unaokaribia wa mpangaji. Ni mchanganyiko ambao familia ya karani au mwalimu haiwezi kushindana nao.

Kutoka hapo kodi hupanda kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: fleti zilizogeuzwa zimetoka kwenye hesabu ya nyumba za kupangisha kwa muda mrefu, na zilizobaki zinagombewa na watu walewale. Ya pili imefichika zaidi na ina nguvu zaidi. Wengi wanaoendesha vyumba hivi si wenye nyumba. Ni watu wa kati wanaokodi fleti nzima kwa mkataba wa miezi 11, kisha wanaipangisha vipande vipande. Mtu wa kati akishajua kwamba fleti itamwingizia zaidi ya 50,000, yuko tayari kumlipa mwenye nyumba 38,000 au 40,000. Kiasi hicho kinakuwa bei ya mtaa. Mwenye nyumba ambaye hajawahi kumlaza mgonjwa hata mmoja, na hataki, bado atamtajia mpangaji wake bei hiyo siku ya kuhuisha mkataba, kwa kuwa amesikia jirani analipwa hivyo. Fleti moja iliyogeuzwa hupandisha bei ya kumi ambazo hazikuguswa. Na wanaoumia kwanza mara nyingi ni watumishi wa hospitali yenyewe: wauguzi, ambao Delhi huwapata kwa wingi kutoka Kerala, mafundi wa maabara, madaktari walio mafunzoni. Hao hupanga karibu na kazini kwa sababu ya zamu za usiku. Wanaishia kusogezwa vituo kadhaa vya metro mbali na wodi, na anayechukua nafasi yao ni mgonjwa waliyemhudumia jana.

Pingamizi la kwanza ni la ukubwa. Eneo la Delhi lilihesabiwa kuwa na watu milioni 16.8 katika sensa ya mwaka 2011, na wameongezeka sana tangu hapo. Wageni elfu kadhaa wanaougua watatikisa nini katika bahari hiyo? Kwa wastani wa jiji zima, karibu hakuna, na yeyote anayedai kwamba utalii tiba ndio sababu ya kodi za Delhi kwa jumla anapiga chuku. Ajira, uhamiaji kutoka vijijini na ughali wa ardhi vinatosha kuzieleza. Lakini hakuna anayepanga nyumba ya wastani katika jiji la wastani. Mtu anapanga karibu na kazi yake, shule ya watoto wake na watu wa lugha yake, na mgonjwa anapanga karibu na hospitali yake. Mahitaji ya wagonjwa hayasambai jiji zima kama ya watalii, ambao hulala popote penye metro. Yanajikusanya ndani ya duara la kilomita moja au mbili kuzunguka lango moja. Wageni wanaoonekana kuwa tone katika jiji la mamilioni wanaweza kuwa sehemu kubwa ya wapangaji wapya katika mitaa minne. Wastani wa jiji unawaficha, na ndiyo maana mamlaka za jiji huweza kusema kwa uaminifu kabisa kwamba haziuoni mgogoro wowote.

Pingamizi la pili linatoka kwa wachumi: mahitaji yakiongezeka, wajenzi watajenga, na baada ya muda bei itatulia. Ni kweli kwamba ujenzi umeitikia. La kuangalia ni umeitikia wapi. Sarita Vihar na Jasola zina fleti nyingi zilizojengwa na mamlaka ya umma ya maendeleo ya Delhi kwa ajili ya familia za kipato cha kati na cha chini. Majengo hayo hayawezi kuongezwa ghorofa kwa hiari ya mwenye fleti moja. Katika mitaa iliyopimwa, kanuni huweka ukomo wa urefu. Mahali ambapo nyumba zimeweza kupaa haraka ni vile vijiji vya zamani vilivyomezwa na jiji, Hauz Rani na kijiji cha Jasola vikiwemo, ambavyo kwa miongo mingi viliachwa nje ya kanuni za kawaida za ujenzi. Huko ghorofa zimepandishwa juu ya ghorofa na vyumba vya wageni vimeongezeka. Lakini vijiji hivyo ndivyo vilivyokuwa hifadhi ya mwisho ya mpangaji maskini: dereva, mpishi, mlinzi, mshonaji, waliokuwa wakipata chumba cha bei ndogo kwa sababu jengo halikuwa na hadhi. Kwa hiyo ujenzi umeongeza vyumba kwa jumla huku ukipunguza vya bei ya chini. Soko limeitikia kweli, na limeitikia kwa kula akiba ya watu ambao hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mtu anaweza bado kushuku kwamba tunawatwika wagonjwa mzigo wa sababu nyingine, kama vile metro mpya, ofisi mpya au programu za kukodisha vyumba kwa wasafiri. Njia bora ya kupima ni kutazama kinachotokea wagonjwa wanapokatika ghafla na mengine yakabaki. Mwaka 2020 hautusaidii sana: India ilifunga viza mwezi Machi, waliokuja kutibiwa mwaka huo wakapungua hadi chini ya laki mbili, lakini uviko ulivuruga kila soko kwa pamoja. Agosti 2021 inasaidia zaidi. Taliban waliingia Kabul, India ikafuta viza ilizokuwa imewapa Waafghani na kuwataka waombe upya kwa utaratibu wa dharura, na mkondo wa wagonjwa wa taifa moja ukakauka. Waliotikisika walikuwa wenye gesti, wakalimani, waokaji mikate na wauza dawa wa Lajpat Nagar na Hauz Rani, ilhali Delhi kwa jumla iliendelea na shughuli zake. Agosti 2024 serikali ya Sheikh Hasina ilianguka Dhaka, India ikabana viza za Wabangladeshi, na Kolkata ikaonja hayohayo. Gesti za Marquis Street na za Mukundapur, mtaa ulio kando ya hospitali kubwa za mashariki ya jiji, zilibaki na vyumba vitupu, pamoja na migahawa na wabadilisha fedha walioishi kwa wateja hao. Kama chanzo kingekuwa ofisi au metro, amri ya viza isingeweza kuumiza mitaa michache na kuiruka iliyobaki.

Mitikisiko hiyo inafundisha jambo jingine: athari hupanda haraka na kushuka polepole. Fleti iliyokatwa vyumba, kila kimoja kikawekewa bafu na kufuli lake, hairudi kuwa nyumba ya familia kwa wiki moja. Mtu wa kati aliyefunga mkataba kwa bei ya juu huvumilia miezi ya ukame akingoja viza zifunguliwe, na mwenye nyumba anakataa kushusha bei asije akaifunga kwa miezi 11 mingine. Familia zilizohama zimeshahamisha watoto shule. Kwa hiyo mtaa unaweza kuwa na vyumba vitupu na kodi ya juu kwa wakati mmoja, hali inayowashangaza wanaodhani bei hufuata watu hatua kwa hatua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la manufaa. Wagonjwa huleta fedha za kigeni na kazi kwa mpishi, mfuaji, dereva wa bajaji na mkalimani. Mjane mwenye fleti moja Jasola hupata pato ambalo pensheni isingempa. Haya ni kweli, na uchambuzi unaoyapuuza haustahili kusomwa. Tatizo liko katika mgawanyo. Mwenye mali hupata mara mbili, kwa kodi na kwa thamani ya nyumba inayopanda. Mpangaji akipata kitu, ni ujira wa kufua au kupika, na ujira huo anaurudisha kwa mwenye nyumba kodi inapopanda. Sehemu nyingine humezwa na mawakala. Hospitali huwalipa kamisheni kwa kila mgonjwa wanayemleta, na gesti huwalipa kwa kila chumba wanachokijaza. Mgonjwa anayepokewa uwanja wa ndege kwa gari la bure hana namna ya kujua kwamba nauli ile imo ndani ya bei ya kitanda. Familia ya Mbeya au ya Kisumu iliyochangisha fedha za upasuaji hadi shilingi ya mwisho hugundua Delhi kwamba miezi miwili ya chumba, chakula na bajaji haikuwamo katika bajeti ya mchango. Soko hili linamuumiza mpangaji wa Delhi na linamkamua mgonjwa vilevile. Ni kosa kuwafanya maadui.

Ni kosa pia kuligeuza suala hili kuwa la wageni dhidi ya wenyeji. Vellore, mji wa kusini wenye hospitali ya CMC iliyoanzishwa na daktari mmisionari Ida Scudder, hujaa wagonjwa kutoka Bengali Magharibi na Jharkhand, raia wa India kama wenyeji wao, pamoja na Wabangladeshi. Loji za kule zina mbao za Kibengali na majiko ya kupikia, na mitaa inayoikabili hospitali imegeuka ya vyumba vya wagonjwa kama Jasola ilivyogeuka. Mumbai, hospitali ya saratani ya Tata huko Parel huwahudumia maskini wa nchi nzima. Kwa miaka mingi baadhi yao wamelala kando ya barabara wakingoja awamu ijayo ya dawa, kwa kuwa dharamshala, yaani nyumba za wageni za misaada, kama ile ya Gadge Maharaj iliyoko Dadar haziwatoshi wote. Mwaka 2021 mamlaka ya nyumba ya jimbo la Maharashtra ilitenga fleti 100 kwa ajili ya jamaa za wagonjwa wa Tata. Wakazi wa majengo husika wakapinga, serikali ikasitisha, kisha zikatolewa fleti 100 katika jengo la eneo jingine. Tofauti ya Mumbai na Delhi ni mfuko wa mgonjwa. Asiye na fedha hulala barabarani, mwenye fedha humhamisha mpangaji. Chanzo ni kimoja: tiba ndefu imetolewa wodini ikawekwa mtaani bila mtu yeyote kupewa jukumu la kuipatia paa.

Dawa inayotajwa haraka ni kupiga marufuku upangishaji wa siku katika maeneo ya makazi. Delhi ina sheria ya mwaka 2007 ya kusajili nyumba zinazopokea wageni kwa kitanda na kifungua kinywa, nayo imejengwa juu ya wazo la mwenye nyumba anayeishi humo na familia yake. Fleti za watu wa kati haziingii humo. Kuibana sheria hiyo peke yake kungewafukuza waendeshaji waaminifu kwanza. Mgonjwa aliyekatazwa na daktari kusafiri hawezi kuondoka. Atapangishiwa kwa kificho, bila taarifa kwa idara ya uhamiaji, kwa bei kubwa zaidi. Dawa inayoelekea chanzo ni kuirudishia hospitali jukumu la siku inazoziagiza. Hospitali ndiyo inayoamua kwamba mgonjwa akae siku 60. Ndiyo inayojua ina programu ngapi za figo, uboho na mionzi. Kwa hiyo inaweza kukadiria vitanda vya kupona vinavyohitajika kwa usahihi kuliko ofisi yoyote ya mipango miji. Na dola ina pa kushikia. Apollo ya Delhi ilipewa ardhi ya umma kwa pango la ishara la rupia moja, kwa sharti kwamba theluthi ya vitanda vyake itibu maskini bure, sharti ambalo utekelezaji wake uliishia mahakamani. Kesi hiyo inaonyesha kwamba masharti huhitaji kusimamiwa. Inaonyesha pia kwamba masharti yanawezekana. Kibali cha kufungua kitengo cha upandikizaji kinaweza kudai hosteli yenye majiko, ndani ya kiwanja au kando yake, kwa uwiano wa wagonjwa wa muda mrefu.

Hospitali zitajibu kwamba gharama hiyo itaishia kwa wagonjwa na kuwafanya wakimbilie nchi nyingine. Mgonjwa anailipa tayari, tena pamoja na kamisheni ya wakala na faida ya mtu wa kati. Ikihamia kwenye bili ya hospitali, itaonekana na itaweza kulinganishwa kabla hajakata tiketi. Hospitali itakayoandika bei moja inayojumuisha siku zote inaweza kuonekana ghali kwenye karatasi na kuwa nafuu mfukoni. Marekani, shirika la kupambana na saratani limekuwa likiendesha nyumba za wagonjwa zinazoitwa Hope Lodge tangu mwaka 1970, bila malipo kwa anayetibiwa mbali na kwao, jambo linalothibitisha kwamba malazi ya kupona yanaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Kilichobaki ni kuamua nani abebe gharama hiyo, na ni haki ibebwe na anayepata faida ya tiba.

Jambo hili linatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, Waafrika Mashariki ni miongoni mwa wanaolipa kodi hizo za Jasola na Gurgaon. Pili, tunaanza kuwa wenyeji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, hupokea wagonjwa kutoka Komoro na nchi jirani. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na baadaye uboho. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hutoa tiba ya mionzi kwa watu wa mikoani wanaolazimika kukaa Dar es Salaam kwa wiki nyingi. Nairobi, hospitali za Parklands na Upper Hill zimekuwa zikiwatibu Wasomali, Wasudani Kusini na Wakongo kwa miaka. Hizi ni tiba zilezile za siku ndefu. Na Dar es Salaam ina ugumu wake wa ziada: sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayehitaji wiki 7 hawezi kuingia katika mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo pengo ambalo India lilizibwa na mtu wa kati linangoja kuzibwa Upanga, mtaa unaozungukwa na hospitali na wenye fleti zinazogombewa. Nairobi pengo limeanza kuzibwa na fleti zenye samani zinazokodishwa kwa siku.

Wanaopanga utalii tiba huketi mezani na madaktari, benki, mashirika ya ndege na wenye hoteli. Wapangaji hawana kiti pale. Ndiyo maana hesabu yao inapaswa kufanywa na dola kabla ya utepe kukatwa: kitengo kipya kitaagiza siku ngapi za kupona kwa mwaka, vitanda vya kuzibeba viko wapi, na nani amevilipia. Mloganzila, nje ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, kungali na ardhi ya kujenga majibu hayo kwa gharama nafuu. Upanga ardhi hiyo haipo tena, na kila fleti itakayogeuzwa kwa sababu hosteli haikujengwa itakuwa ngumu kuirejesha kuliko ingekuwa kuijenga hosteli yenyewe.